Makofi Aliyompigia Mkwewe

Vijana wa kundi letu la waandishi wa Kasulu na Kibondo, mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa kabla ya simu zenye kamera. Nimekubali. Sitaandika vyeo, kwa sababu sikupata, wala vyeti, kwa sababu cha mwisho nilicho nacho ni cha darasa la saba. Nitaandika juu ya kamera, barabara, na mtu mmoja wa Kitanga ambaye picha niliyompiga imemfanya ashindwe kumsalimu baba wa mkewe. Huyo ndiye hasa aliyenifanya nikubali.

Mimi ni mtoto wa Heru Juu. Kazi niliianzia mjini Kasulu, kwenye studio ya Mzee Sadiki, mtu wa Tanga aliyekuja kuuza vitenge, akaona watu wa huku wanapenda picha kuliko vitenge. Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa kamera. Alinipa kipande cha fulana kuukuu na lenzi moja mbovu.

"Futa," akasema.

Nikafuta. Baada ya muda akarudi. "Umefuta?"

"Nimefuta, mzee."

"Basi futa. Vumbi la Kasulu haliondoki kwa kuombwa mara moja."

Niliifuta lenzi ile mbovu mpaka nikaanza kuionea huruma. Ndipo aliponipa nzima.

Kamera ya video alikuwa nayo moja, ya harusi. Kitabu chake cha maelekezo kiliandikwa kwa Kiingereza, na Mzee Sadiki alikitumia kuzibia upepo dirishani. Nilikiomba. Nilinunua kamusi iliyokatika jalada, nikawa nasoma ukurasa mmoja, najaribu kilichoandikwa, kisha naendelea na unaofuata. Sura ya mwanga ilinichukua msimu mzima wa mvua, maana kitabu kilidhani jua lipo kila siku. Nilichojifunza humo, pamoja na aliyonifundisha mzee, kinatosha sentensi tatu: anza kurekodi mapema kuliko unavyodhani inafaa, acha kwa kuchelewa, na usigeuze kamera kulielekea jua. Hiyo ya tatu itaendelea kunisumbua, nanyi mtaona kwa nini.

Kituo kimoja cha televisheni cha Dar es Salaam kilipotafuta mtu wa kukiwakilisha huku juu, kilitaka mwenye kamera yake na asiyedai hoteli. Nilikuwa nazo sifa zote mbili. Kazi yenyewe ilikwenda hivi: unarekodi kwenye kaseti ndogo, unaandika maelezo kwa mkono, unavitia vyote kwenye bahasha, unamkabidhi konda wa basi la alfajiri, kisha unaomba Mungu. Habari ya Jumatatu ilionekana Alhamisi ikiitwa ya leo. Betri nilichaji kwa mafundi wa kuchomelea, waliokuwa na jenereta, nikisubiri wamalize mageti ya watu. Kofia ya maikrofoni, ile ya kuzuia upepo, mke wangu aliishona kwa blanketi la mtoto. Ilikuwa na picha ya bata, kwa hiyo niliivalisha ndani nje.

Barabara ya kwenda Kibondo tulipita kwa msafara, polisi mbele na polisi nyuma, kwa ajili ya majambazi wa msituni. Kamera niliifunga kwenye mifuko miwili ya plastiki na kuipakata. Abiria mmoja aliwahi kuniuliza mtoto anaumwa nini.

Habari nyingi nilizotumwa kuchukua zilikuwa za mahakama na polisi, maana hizo ndizo zilizopata nafasi kwenye taarifa. Huko nilijifunza jambo moja kuhusu watu wanaokamatwa: wanaficha uso. Wengine huvuta shati hadi kichwani, wengine huinamia magoti, na mmoja pale Kibondo alijificha nyuma ya askari mnene mpaka askari mwenyewe akacheka. Sikumlaumu hata mmoja. Nilipiga migongo na viatu, nikatuma. Dar walilalamika kwamba mikoa mingine inaleta nyuso.

Ndivyo mambo yalivyokuwa siku nilipopigiwa simu kwamba polisi wanakwenda kumkamata mtu katika kijiji kimoja cha kata ya Kitanga. Aliitwa Gervas Bitariho. Alikuwa mkulima wa maharage na mihogo, na kijiji kilimwamini kiasi cha kumkabidhi ufunguo wa stoo. Mifuko ya saruji ya kujengea darasa ilikuwa imetoweka humo bila kufuli kuvunjwa.

Tulifika asubuhi, ukungu ukiwa umeanza kupanda. Uani kwa Gervas alikuwapo mzee mmoja ameketi kwenye kigoda. Huyo alikuwa Mzee Rugina, baba wa mkewe, aliyekuja kumwona mjukuu mchanga. Alipoona gari la polisi alisimama, na kwa kuwa mimi nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja, yeye akawa nyuma ya bega langu. Gervas alitokea shambani, miguu ina tope hadi magotini.

Mkaguzi wa polisi, mtu wa kutoka mkoa mwingine, alimwuliza, "Wewe ndiye Gervas?"

"Ndiye mimi, afande."

"Uko chini ya ulinzi. Panda gari."

"Napanda, afande. Naomba kwanza nimwamkie mkwe wangu."

"Mkwe gani tena? Haya, haraka."

Kwa wasomaji wasio wa huku nieleze. Kwetu Buha, nchi ya sisi Waha, mtu hamsalimu mkwewe kwa kumpa mkono kama anayenunua mbuzi. Unainama, unakunja magoti kidogo, unakutanisha viganja vilivyopinda kama vinavyoteka maji, unapiga polepole huku ukitamka salamu, na macho yako chini. Mkubwa anakujibu kwa makofi yake, ndipo unaposogea. Mtu asiyefanya hivyo kwa baba wa mkewe anasema, bila kufungua mdomo, kwamba yule binti si kitu kwake.

Gervas aliinama hivyo. Akapiga makofi. "Mwakeye," akasema, akarudia. Nyuma ya bega langu nikasikia viganja vya mzee vikimjibu. Kisha Gervas akainuka, akamgeukia mkaguzi, akatoa mikono yote miwili. Hata pingu alizipokea kwa adabu.

Nilifikiria kugeuza kamera ili mzee aonekane. Lakini jua lilikuwa limetokeza nyuma yake, na kitabu kilisema picha ingekuwa nyeusi tupu. Nikabaki kwa Gervas. Nakiri nilifurahi. Baada ya miaka ya kupiga migongo na viatu, nilikuwa nimempata mtuhumiwa ambaye mtazamaji angemwona kuwa ni mtu, mwenye mkwe na malezi. Niliiweka picha ile ya mwisho kwenye kaseti na kuandika katika maelezo: mtuhumiwa akimwamkia mkwewe kabla ya kuondoka. Kwa Mha hakuna la kuongeza hapo. Sikujiuliza mtu asiye Mha ataona nini.

Dar waliianza habari kwa picha hiyo. Sauti ya Gervas na ya mkaguzi waliifunika kwa sauti ya msomaji, naye akasema mtuhumiwa "aliwashangaza wengi kwa kuwapigia makofi polisi waliomkamata". Niliitazama kwenye duka moja mjini Kasulu lililokuwa na televisheni. Watu waliokuwa pale hawakucheka. Mama mmoja aliyekuja kununua chumvi aliuliza tu, "Alikuwa anamwamkia nani?" Walijua kwa kutazama.

Nilimpigia mhariri. Alikuwa kijana mpole.

"Kaka, samahani," alisema, "lakini ni sekunde chache. Nani atakumbuka?"

Nikaona ana haki. Televisheni wakati ule ilikuwa kama moshi. Kesi yenyewe ilikufa baadaye: dereva wa mkandarasi alikutwa na saruji ile, naye alikuwa na ufunguo wa pili ambao kijiji hakikuujua. Gervas akaachiwa. Nilituma habari hiyo pia, kaseti nzima, pamoja na mahojiano yake. Haikutoka. Kuachiwa hakuna pingu, na siku hiyo walikuwa na habari za bungeni.

Miaka ikapita. Kaseti zikaondoka, zikaja kadi, kadi zikaondoka, zikaja simu, na barabara ya Kibondo ikawekwa lami. Mzee Sadiki alifariki. Macho yangu yakaanza kutoona vizuri ndani ya kitafutio cha kamera, kile kidirisha cha kuchungulia, nikaamua kuacha kazi kabla haijaniacha yenyewe.

Niliandika kwenye kundi letu kwamba nastaafu. Mnakumbuka mlivyonijibu, na nawashukuru kwa maneno mema. Wa kwanza kujibu hakuandika neno. Alituma stika. Mtu ameinama, magoti yamekunjwa, viganja vinapiga, vinapiga, vinapiga, havifiki mwisho. Miguu ina tope. Chini yake imeandikwa: HONGERA BOSI.

Sikumtambua mara moja. Nilitambua kwanza ukungu.

Niliuliza ilikotoka. Mlicheka, mkanielimisha. Kituo kilikuwa kimepandisha habari zake za zamani mtandaoni, mtu asiyejulikana akakata kipande kile, mwingine akakitia mdundo wa ngoma kila kiganja kinapogota, na wengine wakaandika juu yake maneno ya mzaha: Mimi nikiona mshahara umeingia. Mimi umeme ukirudi. Mimi nikisikia mwalimu wa hesabu anaumwa. Jina lake mtandaoni lilikuwa Baba Makofi. Mmoja wenu, mzaliwa wa Buhigwe kabisa, aliniandikia: "Mzee, kumbe huyu ni wa huku? Mimi nilidhani ni mchekeshaji wa Dar."

Jibu hilo liliniumiza kuliko stika. Kijana wa Buhigwe ameona mtu anamwamkia mkwewe, akadhani ni mchekeshaji.

Nilikwenda Kitanga kwa bodaboda. Dereva aliponiuliza naenda kwa nani, nikamtajia, akacheka hadi pikipiki ikayumba. "Kwa Baba Makofi! Mzee, mwambie akupigie na wewe."

Gervas sasa ana mvi. Alikuwa anapukuchua maharage. Aliniuliza, "Wewe si yule wa kamera?"

"Ndiye, ndugu yangu."

"Karibu. Umekuja kupiga nyingine?"

Mkewe, Mama Elia, alinipa kigoda, na ndiye aliyeeleza, maana mumewe alirudia maharage yake. Siku za mnada Gervas haendi tena, kwa sababu vijana wanampigia makofi kuanzia kwenye mbuzi mpaka kwenye mitumba. Hayo anayavumilia. Asiloliweza ni moja. Kwa Mzee Rugina vijana wa jirani humvizia na simu, wakijua hawezi kuingia uani bila kuinama. Mara ya mwisho walimrekodi kutoka nyuma ya migomba. Tangu hapo hajakwenda kumwamkia mkwewe, na mzee, ambaye hana simu na hajui lolote, anauliza amemkosea nini.

"Baba yangu ni mtu wa umri," alisema Mama Elia. "Anasema, kama mume wako amekuchoka, aseme, nije nikuchukue. Nimjibu nini? Nimweleze mtandao?"

"Na posa ya binti yetu inakuja," Gervas alisema bila kuinua kichwa. "Wageni watakuwa hapa. Mkwe wangu atakaa pale. Nitamsalimuje?"

Nilimwuliza anataka nini kutoka kwangu.

"Ulikuwepo," alisema. "Waambie nilikuwa namwamkia nani. Basi."

Lilikuwa ombi dogo la haki, na nililishughulikia kwa utaratibu, kama nilivyozoea. Kwanza niliwaandikia kituo. Walinijibu kwa heshima kwamba wanaweza kuiondoa kwao lakini hawawezi kuiondoa kwenye simu za watu. Nikaomba kaseti ya asili, ambayo ndani yake sauti ya Gervas ilisikika ikiomba ruhusa. Kaseti zile, wakaniambia, zilirekodiwa mambo mengine juu yake zamani. Nilipaswa kujua. Mimi mwenyewe nilizipokea nyingine zikiwa na mabaki ya mechi za mpira.

Ndipo nikapata wazo, na wazo hili ni langu, hakuna aliyenituma. Kama watu wameona nusu ya salamu, waonyeshwe nzima. Nilimshawishi Gervas siku mbili za kwenda na kurudi. Mama Elia hakupenda. "Moto hauzimwi kwa kuni," alisema. Nilimwambia hii ni elimu, si kuni.

Tulikwenda kwa Mzee Rugina asubuhi. Safari hii nilisimama pembeni ili wote wawili waonekane, na jua nikaliacha mgongoni mwangu. Gervas akainama, akapiga makofi, akasalimu. Mzee akajibu makofi yake, akacheka kwa furaha, akamshika mkwewe mabega. "Kumbe hujanitupa!" akasema. Baadaye nikamweleza mzee kwamba kuna watu wa mbali ambao hawakuelewa salamu ile, na nikamwomba aieleze. Aliieleza vizuri, taratibu, kwa Kiha na Kiswahili chake. Katika kazi yangu yote sijapiga picha safi kuliko ile. Mwanga ulikuwa sawa, sauti ilikuwa sawa, na kamera haikuyumba. Niliipandisha mtandaoni ikiwa na maelezo kamili.

Maelezo mtu aliyakata kabla jua halijachwa. Wakabaki wawili wanapigiana makofi, mdundo ukiwa umeongezwa, na maneno: BABA MAKOFI KAPATA MWENZAKE. Siku iliyofuata niliiona kwenye simu ya muuza duka ninakonunua sukari. Alikuwa ananionyesha ili nami nicheke. Mzee Rugina, ambaye alikuwa nje ya picha kwa miaka yote hiyo, nimemwingiza mimi.

Nilirudi Kitanga kuwaambia kabla hawajaambiwa na wengine. Gervas alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikasirikia, na nadhani ingekuwa nafuu kama angefanya hivyo.

"Umejitahidi, ndugu," alisema. "Njoo kwenye posa. Bila hicho chombo."

Nilikwenda. Wageni walikuwa wametoka Kibondo, watu wa heshima, na vijana wao walikuwa wamevaa vizuri. Walipomwona Gervas waliangaliana, mmoja akauma mdomo. Simu zikatoka. Nawajua wapiga picha, nimekuwa mmoja wao umri wangu wote. Walikuwa wameshachagua mahali pa kusimama na kuacha nafasi katikati.

Mzee Rugina aliletwa akishikwa mkono na mjukuu, akaketishwa upande wa wakubwa. Gervas, aliyekuwa ameingia ndani, alitoka amevaa koti. Alimwendea mkwewe moja kwa moja, na alipofika hatua ya kuinamia nikaona magoti yake yanaanza kulegea, kama magoti yanayojua kazi yake. Kisha akayakaza. Akasimama wima, akanyoosha mkono wa kulia.

"Shikamoo, mzee," akasema kwa Kiswahili.

Mzee alikuwa amekwisha kukutanisha viganja vyake, vimepinda, tayari kujibu. Alivishika hivyo kwa muda. Akautazama ule mkono uliomngoja hewani. Halafu akaachanisha viganja, akaupokea kwa kimoja, akautikisa mara moja kama alivyowaona wakubwa wa serikali wakifanya. "Marahaba," akasema.

Gervas alipopita kuwasalimu wageni, mzee alimwinamia binti yake. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Mumeo anaumwa?"

"Hapana, baba," alisema Mama Elia. "Mzima."

Wale vijana wa Kibondo walisubiri kidogo zaidi, kama ninavyowafundisha nyinyi siku zote. Kisha wakashusha simu mmoja mmoja na kuzirudisha mfukoni. Hapakuwa na kitu cha kurekodi.